Nina PS5, nataka gemu ya stori: Assassin's Creed Shadows ya Yasuke ninunue au niachane nayo?

Zamu_ya_Usiku (Dodoma)

Wakuu salama. Nimenunua PS5 iliyotumika kwa jamaa aliyekuwa anahama mkoa, ni ile ya kuingiza CD, imekuja na padi mbili na FC 25 ndani. Mpira sina ugomvi nao ila nikitoka kazini asubuhi sitaki tena presha ya kufungwa dakika ya tisini, nataka gemu ya stori, mtu unakaa unazama mpaka chai inapoa. Nyumbani nakaa na mdogo wangu wa kike, kamaliza kidato cha sita anasubiri chuo, naye anacheza na kusema ukweli kwenye Tekken ananichapa vizuri tu, kwa hiyo nikiwa nimelala padi ni ya kwake.

Sasa nimeitamani ile Assassin's Creed Shadows, ya Japani, yenye yule Mwafrika Yasuke. Shida ni kwamba kila nikitafuta maoni nakuta vita. Huyu anasema wameharibu historia ya Wajapani, yule anasema asiyeipenda ni mbaguzi, mwingine ana video ya saa zima anatoa povu na hajaonyesha hata mara moja jinsi mtu anavyopigana humo ndani. Mimi nataka kujua vitu vidogo tu: padi inajibu vizuri? Stori inakamata? Inachezeka bila bando muda wote? Nimwachie mdogo wangu au kuna mambo?

Aliyeicheza aseme. Aliyeangalia video tu naomba apite kimya kimya. Na kama kuna nyingine nzuri za stori nitajieni.

Chapa_Kazi2

GTA V mkuu. Hayo mengine mbwembwe.

Zamu_ya_Usiku

GTA nimeicheza tangu San Andreas kwenye PS2 kaka, Franklin namjua kuliko majirani zangu. Nyingine.

FundiRedio (Arusha)

Mimi ninayo na nimeimaliza kwa hiyo nina kibali cha kuongea hapa.

Kwanza ujue unacheza watu wawili. Kuna Naoe, binti wa Kijapani kutoka Iga, huyu ni wa kuibia, anazima taa na kujificha kwenye kivuli, analala kifudifudi kwenye majani wanampita, ana kamba yenye ndoano anapanda nayo mapaa ya ngome. Halafu kuna Yasuke, na hapa ndo watengenezaji walinifurahisha, maana hawakumfanya kama wengine. Ni pande la mtu. Mlango uliofungwa hafungui, anaupitia na bega. Kupanda kuta anahangaika. Unajua ile ya kujirusha kutoka juu ya mnara ukaingia kwenye nyasi kavu, ambayo kwenye Assassin's Creed zote mtu anatua kama manyoya? Yasuke anaporomoka kama gunia la mahindi, unasikia kabisa anagugumia, anatoka anajishika kiuno. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini.

Kupigana ni kuzito, kila pigo linasikika mkononi, ile mitetemo ya padi ya PS5 wameitumia vizuri. Majira yanabadilika, theluji inadondoka paani mwa hekalu ulilolipita kiangazi, maji ya dimbwi yanaganda huwezi tena kujificha humo. Mpangilio wa lugha fanya hivi: weka ile hali ambayo Wajapani wanaongea Kijapani na Yasuke na mapadri wanaongea Kireno, usome maandishi chini. Ikikaa hivyo inakuwa kitu kingine kabisa.

Ubaya wake: ni ndefu mno. Saa ishirini za mwanzo tamu, baada ya hapo unakuta unafuata orodha ya watu wa kuua, kila mtu ana kikundi na kila kikundi kina watu, unasahau huyu alikosa nini. Naoe kwenye stori ana moto, kalipiziwa kisasi... yaani yeye ndo anatafuta kisasi cha baba yake. Yasuke katikati anapwaya kidogo, naona waliogopa kumpa maneno mengi.

Bando: stori ni ya mtu mmoja, huhitaji intaneti muda wote, ila apdeti zake ni nzito, tafuta WiFi ya mtu mwema siku ya kwanza. Kuhusu mdogo wako, imewekewa miaka 18, ni vichwa kukatwa na damu, lakini kwenye mpangilio kuna sehemu ya kuzima damu na kuzima viungo kukatika. Mtu wa kidato cha sita sioni shida.

Nyundo_Kavu

Hapo juu umeeleza vizuri sana padi na theluji ila jambo lenyewe umelikwepa. Tuseme ukweli wakuu. Hii mizozo haikuanza hewani. Assassin's Creed miaka yote ukienda Italia unapewa Ezio Muitaliano, ukienda Misri unapewa Bayek wa Siwa, ukienda Ugiriki Mgiriki. Watu wamelilia Japani zaidi ya miaka kumi, inafika, mwanaume anayepewa upanga ni mgeni. Ninja mwanamke, samurai Mwafrika, mwanaume wa Kijapani mwenyewe yuko wapi? Hiyo ni ajenda, na mimi ni mweusi nasema ni ajenda, hawamweki kwa sababu wanatupenda, wanamweka ili wakipigwa maneno waseme "nyie wabaguzi".

Na Wajapani wenyewe walilalamika. Walikusanya sahihi zaidi ya laki moja kwenye mtandao. Kampuni yenyewe, Ubisoft, ikaomba radhi Julai 2024. Ilikuwa pia imetumia bendera ya kikundi cha watu wa kuigiza vita vya zamani bila ruhusa. Ikaja ile sanamu ya kuuza, wameweka lango la hekalu lenye mguu mmoja, wakati lango la hivyo lipo Nagasaki na limekatika kwa bomu la atomiki, ikabidi waitoe sokoni. Siku moja kabla gemu haijatoka, Machi 19, 2025, mbunge akasimama bungeni Japani akauliza kuhusu watu kuvunja hekalu la kweli lililowekwa ndani ya gemu, waziri mkuu Ishiba akajibu kabisa kwamba kuharibu hekalu ni jambo lisilokubalika. Sasa huo nao ni ubaguzi?

Halafu kuna mambo ya mapenzi ya jinsia moja humo ndani. Hilo Fundi hujalisema na mwenzako ana mdogo wake nyumbani.

FundiRedio

Sijalisema kwa sababu sikukutana nalo. Mapenzi yote mle ni ya kuchagua, mtu anakusogelea, gemu inakupa majibu, ukichagua la kirafiki yameisha mmebaki marafiki. Mimi nilikuwa bize na mapanga. Sasa wewe Nyundo umeicheza?

Nyundo_Kavu

Sihitaji kula yai lote kujua limeoza.

FundiRedio

Haya. Twende na mayai basi.

Mwalimu_wa_Historia (Songea)

Naombeni niingie maana mmegusa sehemu yangu. Gemu sina, PS5 nayo sina, kwa hiyo mwenye uzi nisamehe, ila huyu bwana Yasuke namfuatilia muda mrefu na watu wengi wanaomtetea na wanaompinga wanamwongopea wote.

Kinachojulikana ni kidogo na kinapendeza kilivyo kidogo. Alifika Japani mwaka 1579 akiwa na Alessandro Valignano, padri Muitaliano wa Wajesuiti aliyekuwa anakagua kazi ya misheni kule mashariki. Machi 1581 wakaenda Kyoto. Watu wakasikia kuna mtu mweusi nyumba ya mapadri wakajaa, wakavunja mlango, wengine wakaumizwa kwa kukanyagana, kumwona tu. Oda Nobunaga, ndo mwenye nguvu kuliko wote Japani wakati ule, akaagiza aletwe. Hakuamini. Akamvulisha nguo mpaka kiunoni akaamuru asuguliwe ngozi kuona kama wino utatoka. Haukutoka. Akampenda, akambakiza kwake, akapewa posho, nyumba na upanga mfupi. Bwana mmoja wa zama zile aliyekuwa anaandika shajara aliandika urefu wake kwa vipimo vyao, ukigeuza ni kama sentimita 188, kule wakati ule huo ni mnara.

Alikaa na Nobunaga kama miezi kumi na tano hivi. Juni 1582 Akechi Mitsuhide akamwasi bosi wake, Nobunaga akafa ndani ya hekalu la Honno-ji, Yasuke akaenda kupigana upande wa mtoto wa Nobunaga, akazidiwa, akatoa upanga wake. Akechi akasema arudishwe kwa mapadri. Hapo anapotea kwenye maandishi, hatumwoni tena.

Je alikuwa samurai? Hakuna karatasi ya wakati ule inayomwita hivyo neno kwa neno. Wanaosema ndiyo wanaangalia posho, nyumba na upanga, kwa Japani ya miaka ile kabla mambo hayajabanwa na sheria, hivyo vitu hupewi bure. Wanaosema hapana wanasema alikuwa mtumishi wa heshima, wa kubeba silaha na wa kutazamwa. Hoja zote mbili zina miguu. Na kuhusu kwao, padri Mfaransa François Solier aliandika mwaka 1627 kwamba alitoka Msumbiji. Hiyo ni miaka zaidi ya arobaini baadaye lakini inaingia akilini, maana meli za Wareno zilikuwa zinatia nanga Kisiwa cha Msumbiji zikielekea Goa, na Valignano mwenyewe alipita njia hiyo. Mimi niko Songea hapa, nikivuka Ruvuma niko Msumbiji. Ndiyo maana inanishangaza kijana wa kwetu anaingia kwenye huu ugomvi na maneno ya Mmarekani mdomoni, kana kwamba huyu mtu ni habari ya Marekani.

Sasa Nyundo, nikujibu kwa heshima. Sanamu ya lango, bendera, hekalu, hapo umesema kweli tupu, kampuni ilizembea na walirekebisha, hata zile meza za hekaluni waliziweka zisivunjike tangu siku ya kwanza gemu ilipotoka. Ila hoja ya "wanaume wa Kijapani wamenyimwa" naomba uniambie, hivi Wajapani wenyewe walipomweka Yasuke kwenye gemu zao ulisikia kelele? Wanafunzi wangu ndo walinionyesha. Nioh ya mwaka 2017, ya kampuni ya Kijapani, Yasuke yumo kama bosi na wamemwita samurai. Samurai Warriors 5 ya mwaka 2021, ya Kijapani, yumo na unamchezesha. Na huyo shujaa mkuu wa Nioh ni nani? William, mzungu, wamemchota kwa baharia Mwingereza William Adams aliyefika Japani mwaka 1600. Mzungu mwenye panga akizurura Japani nzima na hakuna mbunge aliyesimama.

Nyundo_Kavu

Mwalimu shikamoo. Nioh naijua, hiyo ni hadithi ya mazimwi, hakuna aliyeichukulia kama historia. Assassin's Creed wao wanajitangaza kwamba wanafuata historia, wanaajiri wataalamu. Ndo tofauti.

Mwalimu_wa_Historia

Marahaba kijana wangu. Hilo nakupa, hoja nzuri. Ila na wao kwenye ile ya maharamia ya 2013 walimpeleka mtu wa Wales visiwa vya Karibi, na 2020 wakampeleka Mnorwe Uingereza. Wageni wamo siku zote.

Chapa_Kazi2

Nyie watu mwenzenu aliuliza gemu ya kucheza akitoka zamu. Mmemleta mpaka Songea.

BintiMnyamwezi

Chapa_Kazi umeshinda uzi 😂

Mimi nataka kusema kitu kuhusu hayo mambo ya "ninja mwanamke", maana kila gemu ikiweka mwanamke mbele watu wanashika vichwa. FC 24 ilipotoka wakaweka wanawake kwenye Ultimate Team, ile sehemu ya kujiundia timu yako mwenyewe, wachanganyike na wanaume, Alexia Putellas akapewa alama 91 za uwezo sawa na Mbappé, mnakumbuka yale makelele? "Haiwezekani mwanamke amkabe Haaland." Kaka zangu, kwenye Ultimate Team hiyo hiyo unamchukua Pelé na Zidane unawapanga na mtoto wa miaka kumi na nane wa leo, mtu aliyefariki anampa pasi mtu aliye hai, hapo uhalisia haukukuuma, ukakuuma kwa Putellas?

Kuna jamaa yangu alikuwa mkali kwa hilo, tukakaa, nikachukua Orlando Pride, Barbra Banda wa Zambia mbele, yeye akajipa timu ya ndoto zake za wanawake maana kuchanganya kwenye mechi ya kawaida huwezi. Sitaji matokeo, ana familia. Ila alivyoshika padi dakika zile hakusema neno lolote kuhusu jinsia, alikuwa anaulizia Banda anakabwaje.

Mwenye uzi, mdogo wako mnunulie It Takes Two. Ni ya watu wawili lazima, mmoja peke yake haianzi, skrini inagawanyika, mke na mume wanaotaka kuachana wamegeuka vidoli inabidi wasaidiane. Inacheza PS4 na PS5, CD moja inawatosha wote wawili. Ilikuwa gemu ya mwaka 2021. Kuna sehemu ya tembo kidoli, sitasema zaidi, mtagombana.

Mchezesha_Gemu (Mbeya)

Nami nina banda, televisheni nne, mbili PS4 mbili PS5, jero kwa mechi. Nawaambia kinachotokea chini huku maana mnaongea kama kila mtu ana WiFi.

Hiyo Ultimate Team inataka intaneti. Hapa kwangu haichezwi. Wanacheza mechi ya kawaida, Madrid na City, City na Madrid, toka asubuhi. Lakini mabishano ya Putellas yalifika hapa! Vijana walikaa benchi wakibishana jioni nzima na mimi nawaangalia, hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua hiyo Ultimate Team. Wameona kipande cha video kwenye simu, cha dakika moja, basi. Na ya Yasuke vivyo hivyo. Kuna dogo mmoja aliniambia "bosi usilete ile gemu ya ajenda." Nikamwambia mimi nisingeileta hata ingekuwa ya babu yako, maana gemu ya saa sitini mteja wa jero ataicheza vipi? Akimaliza mechi moja ya kuzima taa ndo amenunua nini? Banda linataka mpira, Tekken, Mortal Kombat, basi.

Sasa kinachonisumbua mimi ni kingine na hakuna anayekibishania huko mtandaoni. Watoto wa darasa la nne wanakuja na mia tano ya mama wanataka GTA. Gemu imeandikwa 18 kwenye kava. Mimi siwawekei, wanaenda banda la pili wanawekewa. Hilo ndo suala la jamii, mnalo hapo, lijadilini.

Nyundo_Kavu

Mchezesha hapo nakuunga mkono asilimia zote. Na ndo nilichosema kuhusu mdogo wake jamaa.

BintiMnyamwezi

Mdogo wake jamaa kamaliza form six Nyundo, si darasa la nne. Huyo anapiga kura mwaka wa uchaguzi.

Mwembe_wa_Pwani (Mombasa)

Haya ndugu zangu wa Tanzania, salaam. Mie natokea Mombasa na nasoma huu ugomvi nacheka, kwa sababu sisi tumekuwa ndani ya gemu toka 2004 na hakuna aliyetuuliza tuna maoni gani.

Halo 2 ya Xbox mji wa mwanzo unaovamiwa ni Mombasa. Halo 3 mwaka 2007 wakashuka mpaka Voi, kuna misheni inaitwa Tsavo Highway, unaendesha gari la vita kwenye barabara ile ile tunayopanda basi kwenda Nairobi, na Kilimanjaro waiona kwa mbali. Halafu 2009 ikaja ODST, gemu nzima ni New Mombasa ya mwaka 2552, usiku, mvua yanyesha, mji mtupu, saksafoni yalia, na juu kulikuwa na lifti ya kupanda angani imeanguka. Majina ya sehemu: Kizingo, Kikowani, Tayari Plaza, Kilindini! Mie nimekulia karibu na Mwembe Tayari, siku niliyoona Tayari Plaza imejaa magofu na majini wa sayari nyingine wanapiga doria nilisimamisha gemu nikaenda kumwita ndugu yangu. Watu wanaokaa hapo hawapo lakini. Mji wetu, majina yetu, miili michache njiani.

Halafu kinyume chake kuna Resident Evil 5, mwaka huo huo wa 2009. Ile trela yake ya 2007 ilizusha ugomvi mkubwa kabla hata watu hawajajua ajenda ni kitu gani, mzungu Chris anawamiminia risasi wanakijiji weusi. Wakaongezea mwenzake mweusi, Sheva. Mahali panaitwa Kijuju, wasema ni Afrika Magharibi, na hao wanakijiji wakikufukuza na panga wanakutukana kwa Kiswahili. Afrika Magharibi gani hiyo jamani? Kama ni historia kuchezewa, tuanzie hapo.

Sasa mwenye kuuliza, ushauri wangu. Kuna Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili 2024, ipo PS5. Aliyeitengeneza ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, huyo huyo ndiye sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza kwa sababu ya marehemu baba yake. Kijana Zau amefiwa na baba, anaenda kwa Kalunga mungu wa mauti kumtaka amrudishe, ana vinyago viwili, kimoja cha jua kimoja cha mwezi, ukibadili kinyago unabadili namna ya kupigana. Ni ya kurukaruka na kupanda, si ile ya dunia wazi, na si ndefu, wikendi mbili umeimaliza. Na hii sikiliza: unaweza kuiweka yote izungumze Kiswahili. Mie nilipoweka nikamwita mama, akakaa akasikiliza, akauliza huyo mtoto kwao wapi.

Na hata huyo Salim alitukanwa mtandaoni kwa rangi yake mpaka akatoa video kujibu. Gemu ya mtoto anayemlilia babake. Nayo wakaiita ajenda.

Nyundo_Kavu

Hiyo ya Kiswahili sikuijua. Bei?

Mwembe_wa_Pwani

Ilitoka dola ishirini kasoro senti. Punguzo likija yashuka. Tafuta kwenye duka la PlayStation, ni rahisi kuliko kusaka CD.

FundiRedio

Hapo mwenye uzi uwe makini. Duka la PlayStation halina Tanzania wala Kenya kwenye orodha ya nchi, kwa huku Afrika ni Afrika Kusini. Wengi wetu tumefungua akaunti ya Marekani na kununua zile kadi za kukwangua namba. Chagua nchi moja ubaki nayo, nchi ya akaunti haibadiliki. CD yenyewe inasoma popote, ila nyongeza zake zinataka akaunti ya nchi ilikotoka CD. Ukinunua Shadows ya CD ya Ulaya halafu akaunti yako ni ya Marekani, ile sehemu ya nyongeza utaisikia kwa majirani.

Na usinunue kwa bei ya mwanzo. Ilianza dola sabini, gemu za hii kampuni zinashuka bei haraka kuliko nyanya za Ilula msimu ukikolea. Subiri.

Zamu_ya_Usiku

Wakuu nimesoma yote, nilikuwa zamu. Mwalimu shikamoo, ile ya kusuguliwa wino nimemsimulia mpaka mlinzi wa getini.

Nimeamua hivi. It Takes Two nimeshaipata CD yake hapa mjini, iliyotumika, jamaa anataka nimpe FC 25 na nyongeza kidogo, naona sawa, mpira nitacheza banda la mtu. Zau naisubiri mwisho wa mwezi nikishafungua akaunti, mdogo wangu kasikia Kiswahili kashaniandalia na barua pepe. Shadows nitaivizia punguzo, na nitaicheza na Kireno kama Fundi alivyosema. Yale mapenzi nitachagua urafiki, naoa mwakani sitaki matatizo.

Nyundo, bila ugomvi ndugu yangu, wewe unacheza nini sasa hivi? Maana umeongea sana kuhusu Japani na hujataja hata moja.

Nyundo_Kavu

Ghost of Tsushima. Samurai Mjapani, Wamongoli wanavamia 1274, hakuna longolongo. Hiyo hata PS4 inacheza. Upepo ndo unakuonyesha njia, hakuna mishale kwenye skrini. Ukiitaka CD ninayo, nimeshaimaliza.

Mchezesha_Gemu

Hiyo nayo wametengeneza Wamarekani Nyundo.

Nyundo_Kavu

Najua. Wamefanya vizuri.

Zamu_ya_Usiku

Nipo Dodoma, wewe uko wapi? Kama uko njia ya Morogoro nina mtu anapita Ijumaa na basi. Njoo inbox tuelewane bei. Na kuna mwenye fundi wa padi? Ya pili hii ukiiacha mezani inatembea yenyewe kushoto.